Kodi ya Paa la Ndugu

Kazi yangu ilikuwa kutafuta watu wa kuvunja mawe, na jambo la kwanza kazi hiyo ilinifundisha ni kwamba mtu mwenye unga nyumbani haji. Mbembeleze, mtishe, mletee lori mpaka mlangoni. Atakusikiliza kwa adabu, atakupa kiti na maji ya kunywa, na asubuhi lori litaondoka bila yeye. Ninyi vijana wa Busia na Tororo ambao dada zenu wako Arabuni, mnaoamka saa nne kuangalia simu kama kuna kitu kimeingia, msidhani mmevumbua jambo. Nawajua tangu zamani. Nilishughulika na babu zenu.

Siwacheki. Au tuseme nawacheka kidogo kisha naacha, kwa sababu katika kazi ile kuna jambo moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka chakula hakishuki vizuri. Nitalifikia. Mzee hakimbizwi.

Machimbo yetu yalikuwa nyuma ya mwamba wa Tororo, siku za Mwingereza. Tulitoa mawe ya barabara na kokoto za reli. Baruti ilipasua mwamba, wenye nyundo kubwa wakapasua mapande, na waliokaa chini wenye nyundo ndogo wakayagonga mpaka yakawa kokoto. Mimi, Owor, Japadhola wa hapo hapo Tororo, nilianza kwa kubeba karai. Nilipandishwa kuwa nyapara kwa sababu ya mdomo wangu: nilijua Dhopadhola ya kwetu, Kiteso cha sokoni, Lusamia ya kuombea maji, na Kiswahili cha mpakani ambacho kila mtu hukivunja anavyotaka na bado tunaelewana. Nyapara alisimamia watu, lakini kabla ya kuwasimamia ilibidi awapate, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Aliyenifunza ni Ekisa, nyapara mkuu, Mteso mfupi ambaye hakupandisha sauti hata siku baruti ilipochelewa kulipuka. Alinikataza mambo mawili. Usimwite mtu mvivu kabla hujaona shamba lake. Na usimwandike mtu aliyekaa kwenye mtungi wa malwa, ile pombe ya ulezi. La kwanza nililishika. La pili lilinipita, kwa sababu nilikuwa kijana na nilijiona mjanja. Jumamosi moja nikawakuta wanaume wa kutosha kujaza lori wameuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mdomoni, na wote wakaniambia niwaandike. Nikaandika. Mmoja aliniandikisha hadi kaka yake marehemu. Jumatatu lori likarudi machimboni na mama mmoja mwenye mbuzi aliyekuwa akienda sokoni. Ekisa alinikabidhi karai, nikabeba kokoto mpaka jioni mbele ya watu niliokuwa nikiwasimamia.

Mkitaka kujua kama mtu atadumu kazini, msitazame mikono yake, kila mkulima ana mikono migumu. Tazameni alichobeba. Aliyekuja na blanketi na sufuria amekuja kukaa. Aliyekuja mikono mitupu ameacha jembe lake limechomekwa kwenye mtaro, na atalirudia.

Wakati huo kodi ilikuwa moja kwa kila mwanamume mzima. Mwenye ng'ombe na asiye na kuku walilipa sawa, wakapewa karatasi iliyoitwa tiketi ya kodi, na askari wa chifu akikukuta njiani huna tiketi, utajuta kuzaliwa mwanamume. Basi majira ya kodi yakikaribia, sisi manyapara tulikuwa wafalme. Watu walikuja wenyewe, kutoka Bulumbi, kutoka Busitema, kutoka kwetu Tororo, wakasimama getini alfajiri. Mtu alikuja na haja yake: kodi, blanketi, pengine na jembe jipya. Haja ikitimia, anakwenda zake. Humwoni tena mpaka majira mengine.

Bwana wetu wa machimbo, Mzungu mwembamba ambaye hakuwa mtu mbaya, hakuweza kulielewa hilo. Alifikiri wanaondoka kwa sababu mshahara ni mdogo. Akauongeza. Wakaondoka mapema zaidi. Alikuja kwa Ekisa uso umemwiva.

"Ekisa, nimewaongeza pesa. Kwa nini wanakwenda?"

"Bwana, wewe naongeza," Ekisa akajibu taratibu, "wao namaliza haraka."

Bwana alitikisa kichwa akaenda kunywa chai. Lakini lile jibu ndilo elimu yote ya kazi yangu, na mkiona wakubwa wa leo wanashangaa kwa nini watu hawafanyi vile makaratasi yao yalivyosema, kumbukeni Ekisa.

Kisha zikaja fedha za Mombasa. Reli ilikuwa inapita hapa hapa Tororo, na vijana walikuwa wameanza kuipanda kwenda Nairobi kuwapikia Wazungu, na Mombasa kubeba magunia bandarini. Wasamia wa kule Lumino na Busia walikwenda kwa wingi, wakivutana kaka na mdogo, mjomba na mpwa. Mwanzo fedha zilirudi zimefungwa kwenye kona ya kitambaa, kwa mkono wa anayekuja likizo. Baadaye zikaja kwa hawala ya posta. Nikajifunza njia yangu ya kubashiri: Jumatatu nikipita posta nikakuta baraza limejaa wake za watu wamekaa kimya na watoto mgongoni, nilijua wiki hiyo getini kwetu kutakuwa na upepo tu.

Maana hawala moja ililipa kodi ya watu wengi. Kijana mmoja akiwa bandarini, baba yake ametoka kwenye orodha yangu, kaka yake ametoka, na baba yake mdogo pia. Si hilo tu. Fedha zile zilianza kuninyang'anya hata watu wasio na ndugu Mombasa. Nililijua hilo siku nilipokwenda Lumino nikawakuta vijana wa kazi, wale wale niliowatarajia machimboni, wanapalilia pamba ya mwanamke mmoja. Jina lake Nabwire. Nilimsalimia, nikaanza maneno yangu ya lori na posho. Aliniacha niseme, kisha akaegemea jembe.

"Nyapara, acha watu yangu."

"Shemeji, Tororo watapata zaidi."

"Watapata zaidi na watapoteza vidole. Mimi nalipa kidogo, lakini nawapikia samaki. Wewe nalisha watu vumbi."

"Na wewe fedha unatoa wapi?"

"Bwana yangu Ouma nabeba magunia Mombasa. Yeye nabeba huko ili huku mtu asibebe mawe. Sasa toka hapo, unakanyaga pamba."

Nilitoka. Vijana walicheka, nami nikacheka njiani, nikisukuma baiskeli. Nilipomsimulia Bwana, yeye hakucheka. Alisema watu wa nchi hii wameingia uvivu. Nilikumbuka neno la Ekisa kuhusu shamba, kwa kuwa pamba ya Nabwire ilikuwa safi kuliko meza ya Bwana.

Sitadanganya kwamba najua yaliyosemwa katika ofisi za wakubwa. Najua wenye machimbo, wenye mashamba makubwa na wenye barabara walilalamika kwamba kodi haileti watu tena. Na najua kwamba baada ya muda kodi ilibadilika. Haikuwa moja tena. Ilipangwa kwa madaraja: mwenye kitu alipe zaidi, asiye na kitu alipe kidogo. Kwa kweli haki ilikuwamo ndani yake, hata Ekisa aliisifu. Taabu ilikuwa katika kupima. Utajiri wa mtu unaupimaje, naye hana duka wala hesabu? Kamati ya chifu wa gombolola, yaani wa tarafa, ilipita boma kwa boma ikitazama kinachoonekana: ng'ombe, baiskeli, na paa. Mabati yalisema kwa sauti kuliko ng'ombe, kwa sababu ng'ombe unaweza kumvusha mto Sio akalale kwa wajomba upande wa Kenya siku kamati ikipita, na wengi walifanya hivyo. Paa huwezi kulivusha.

Bwana alimwomba chifu niandamane na kamati kule Lumino, nione nani atahitaji mshahara. Ndivyo nilivyojikuta katika boma la mzee Makokha. Alikuwa baba wa wanaume wawili. Mkubwa aliitwa Barasa, mtu mpole mwenye mabega mapana, anayelima pale pale nyumbani. Mdogo alikuwa huyo Ouma wa Mombasa, mume wa Nabwire. Katikati ya boma, kati ya nyumba za nyasi, palisimama nyumba mpya ya mabati, mlango wazi, ndani hamna hata mkeka.

Karani wa kamati hakuwa Msamia. Alitoka mbali, alikuwa kijana mchangamfu mwenye soksi ndefu, na mambo yote aliyaendesha kwa Kiswahili.

"Hii nyumba iko ya nani?"

"Iko ya hapa," mzee Makokha akasema.

"Hapa ni nani? Taja jina."

"Nyumba zote za hapa ziko za boma."

Karani alishusha pumzi. Alikuwa na boma nyingi mbele yake na jua lilikuwa limepanda. "Haya, asubuhi nani nafungua huu mlango?"

Barasa alimtazama baba yake, kisha karani. "Ni mimi nafungua."

"Vizuri," karani akasema, na Barasa akaandikwa kuwa mtu wa nyumba ya mabati, daraja la matajiri wa kata ile, pamoja na wenye maduka. Tulikunywa maji, tukashukuru, tukaenda boma la jirani. Nabwire alikuwa shambani, hakuwapo. Mimi sikuona ajabu yoyote. Nilimwona mtu mwenye paa zuri, nikasema moyoni, huyu hatakuja kwetu kamwe.

Haukupita muda mrefu Barasa akasimama getini machimboni na blanketi na sufuria.

Nilimwuliza, mtu wa mabati anatafuta nini hapa? Akasema anatafuta kodi ya mabati. Nilidhani ni mzaha, nikamwandika nikicheka. Ilichukua siku kadhaa za kukaa naye wakati wa chakula cha mchana ndipo nikaelewa, na nilipoelewa nilijuta kucheka. Nyumba ile ilikuwa ya Ouma. Kila bati lilikuwa gunia alilobeba bandarini. Ila kwa mzee Makokha nyumba mpya hailalwi mpaka mwenyewe aingie kwanza, na Ouma hajapata likizo. Nyumba isiyolalwa hupoa, ikaingiwa na popo na mchwa, na ni kazi ya kaka mkubwa kuifungua asubuhi ipate hewa na kuifunga jioni. Alipoulizwa nani anafungua mlango, alisema kweli.

"Kwa nini hukusema ni ya Ouma?" nikamwuliza.

"Baba alikuwa amekaa pale."

"Sasa?"

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto. "Nyapara, baba akiwa hai hakuna nyumba ya Ouma, hakuna nyumba ya Barasa. Iko nyumba ya baba. Mimi nikisimama mbele ya chifu niseme hii yake, hii yangu, nimegawa boma. Boma nagawa siku tumezika."

Kwetu sisi Jopadhola pia baba ndiye mwenye boma, lakini sikuwa nimefikiri kwamba desturi inaweza kumfunga mtu mdomo wakati karani amesimama mbele yake na kalamu. Nikamwambia basi amwandikie Ouma, atume fedha, amalize jambo hili. Kodi ya zamani Ouma ndiye aliyekuwa akiilipa, si ndiyo? Ndiyo. Kwa nini hii asilipe?

"Ouma nabeba magunia," Barasa akasema. "Nikimwambia, ataongeza magunia. Asijue."

Basi akakaa. Pamba yake kule nyumbani ilikuwa ndiyo kwanza imeota, akaiacha kwa mkewe na watoto. Kodi ya daraja lile haikuwa ya kumalizwa kwa kazi ya siku thelathini. Alikaa mpaka mvua zikaisha, na vumbi la mawe likaanza. Vumbi lile halina adabu. Linaingia hata kwa aliyefunga kitambaa puani, na Barasa alikuwa mtu wa shamba, kifua chake kilizoea hewa ya umande. Akaanza kukohoa. Nilimhamisha kwenye karai, nikamhamisha kwenye maji, lakini vumbi lilimfuata kila mahali. Kila nyapara mwenye macho anakijua kikohozi kile, na anajua kwamba asiyeondoka mapema haondoki nacho vizuri.

Nabwire alikuja siku moja na samaki mkavu na unga wa muhogo kichwani. Alimkuta shemeji yake ameinama, mkono mmoja kwenye jiwe, anakohoa. Hakumwendea. Aliweka mzigo chini, akaja kwangu.

"Nilikwenda kwa karani," akasema. "Nilimwambia nyumba iko ya mimi."

"Akasemaje?"

"Akasema mwanamke halipi kodi, kwa hiyo hana nyumba. Nikasema basi andika nyumba haina mtu. Akacheka." Yeye hakuwa anacheka. "Akasema mtu wa Mombasa nalipa kodi yake huko Kenya, kwa hiyo wao hawamtaki. Ikiwa nyumba iko yake, Barasa anarudi daraja la chini, mara moja. Lakini mimi neno langu halifai, na neno la Barasa halifai, kila mtu nasema nyumba iko ya ndugu. Mwenye boma mwenyewe aje aseme mbele ya baraza."

"Basi mzee aje."

Nabwire alitazama kule Barasa alipokuwa. "Hujui unasema nini, nyapara," akasema. Kisha akachukua kikapu chake kitupu akaenda.

Alimwambia mzee kuhusu kikohozi. Sijui alimwambiaje. Mkamwana hana ruhusa ya kumwambia baba mkwe afanye nini, na Nabwire alikuwa na adabu zake, pamoja na ule ulimi. Nadhani alisema tu alichokiona.

Siku ya kusikiliza malalamiko ya kodi nilikuwapo kwenye baraza la gombolola. Walioshindwa kulipa walikuwa wanapewa nafasi ya kwenda kufanya kazi, na mimi nilikuwa nimekuja kuwapokea. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, na msiitazame kwa macho ya leo. Barasa nilikuwa nimempa ruhusa, apande nami nyuma ya lori aje alipe sehemu ya deni lake. Alikuwa amesimama pamoja na wengine wakati baba yake alipoingia. Mzee Makokha alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Mzee, una shauri gani?" karani akauliza.

"Nimekuja kugawa."

Mimi nilisikia maneno ya kawaida. Lakini wazee wa Kisamia waliokaa ukutani waliinua vichwa wote kwa pamoja, na mmoja akasimama. Alikuwa rika lake, jirani yake wa miaka yote.

"Makokha, rudi nyumbani," akasema. "Mtu hagawi na yuko hai. Kaburi ndiyo nagawa. Wewe bado unatembea."

"Nimetembea ya kutosha."

"Baba," Barasa akasema kutoka kule nyuma, na kikohozi kikamkata.

Mzee hakugeuka. Alimtazama karani moja kwa moja, akasema kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya duka. "Nyumba ya mabati iko ya Ouma, mtoto yangu wa Mombasa. Nyumba ya nyasi ya upande wa barabara iko ya Barasa, na shamba la mpaka kwenye mtaro. Ng'ombe ni wao wawili. Mimi sina kitu. Andika."

Karani aliandika. Alifurahi, kwa kuwa alikuwa kijana mwenye roho nzuri na alikuwa amesumbuliwa na jambo hili. "Lakini mzee," akasema akitabasamu, "kwa nini hukusema mapema? Ungemwokolea kijana taabu yote hii."

Chifu, ambaye alikuwa Msamia, alikuwa anatazama meza. Barasa alirudishwa daraja la chini pale pale, na alichokwisha lipa kilizidi. Akaambiwa yuko huru. Nilimwona anamfuata baba yake barabarani, nyuma yake hatua kadhaa. Nilirudi Tororo nikajisemea kwamba mambo yamekwisha vizuri. Mtu mmoja ametoka kwenye vumbi, ni jambo dogo hilo?

Mavuno ya pamba yalipokwisha nikaenda tena Lumino kutafuta watu. Sikuwapata wengi. Ile kodi ya madaraja ilikuwa imeleta watu kwa muda, kisha watu wakaisoma. Wenye fedha za Mombasa waliacha kuezeka. Mabati yalinunuliwa yakalazwa chini ya vitanda, yamefunikwa mikeka, yakisubiri siku ambayo serikali itachoka kutazama juu. Waliobaki kulipa hasa ni wale wasio na mtu popote, vijana wa wajane na wazee wasiozaa, na hao ndio niliowapakia kwenye lori. Bwana hakuuliza wametoka wapi.

Mchana nilipita kwa mzee Makokha kusalimia. Nilipokewa vizuri. Kikohozi cha Barasa kilikuwa kimelegea, mwili umerudi kidogo. Tulikaa, chakula kikaletwa, ugali wa muhogo na samaki. Nilitazama kitu ambacho kila mmoja wenu ameona kwao tangu utoto: mwenye boma hutengewa kwanza. Mke wa Barasa alipiga magoti akaweka sahani ya kwanza mbele ya Barasa.

Barasa aliisukuma kwa baba yake. Mzee akairudisha.

"Baba, kula."

"Mimi nimegawa," mzee akasema, bila hasira. "Mtu amegawa nakula kwa watoto."

Akainuka, akaenda kukaa chini pamoja na wajukuu, akanyoosha mkono kwenye sinia lao, wa mwisho baada ya mdogo wao kabisa. Watoto walimpisha, walikuwa wamekwisha kuzoea. Barasa hakugusa sahani ile. Mimi nilikula kwa sababu mgeni hakatai, na sijapata kula chakula kigumu namna ile tangu nizaliwe. Niliona aibu, ingawa hakuna aliyenilaumu, na sikujua pa kuweka macho.

Nabwire alinisindikiza mpaka kwenye baiskeli. Akaniambia Ouma alikuja likizo, akaingia nyumba yake mpya usiku mmoja tu, akatoka. Aliporudi Mombasa alituma fedha za mabati mengine, amwezekee baba. Mzee aliyakataa, akasema aliyegawa hajengewi. Mabati yakapelekwa kanisani.

Nilikuwa nimeshika usukani niondoke nilipomwona Barasa anatoka nyumbani kwake. Alikuwa na blanketi lililokunjwa na sufuria.

"Unakwenda wapi?"

"Kwako. Niandike."

"Barasa, kodi yako iko chini. Pamba yako inatosha na kubaki. Na kifua chako je?"

"Najua."

"Sasa unatafuta nini kule?"

Aligeuka akatazama kule baba yake alikokuwa amekaa, akimenyea mjukuu muhogo. "Nikikaa hapa, ile sahani wataniletea kila siku," akasema.

Nilimwandika. Nilimweka langoni kulinda vifaa, mbali na vumbi kadiri nilivyoweza, na Ekisa aliponiuliza kwa nini mtu mwenye mabega yale analinda makarai, nilimweleza, naye hakuuliza tena. Wiki hiyo Bwana alipita akikagua, akamwona, akamkumbuka. Alinipiga bega kwa furaha.

"Umeona, Owor? Kodi inaleta watu. Zamani ilikuwa ndogo mno, basi."

Nilimwambia ndiyo, Bwana.

Barasa alikaa langoni miaka mingi. Alikwenda nyumbani kulima na kuvuna, akalala siku chache, akarudi kabla hawajamzoea mezani. Kisha siku moja mtu alikuja kutoka Lumino kwa baiskeli, akamwita pembeni. Barasa alisikiliza, akarudi akanikabidhi funguo za stoo, akalikunja blanketi lake.

"Mzee amekufa," akaniambia. "Sasa naweza kwenda nyumbani."